Foreman na Tyson: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Pambano Ambalo Halikupigwa

Mabishano haya hayaishi. Wapenzi wa ngumi wakikaa pamoja na mtu akagusia uzito wa juu, haichukui muda kabla mmoja hajamtaja Mike Tyson na mwingine kumjibu kwa George Foreman. Mwaka 1990 pambano lao lilikuwa linanukia kabisa, kisha likapotea. Foreman alifariki Machi 21, 2025 akiwa na miaka 76, na tangu hapo maswali yamezidi. Nimekusanya yanayorudi zaidi na kuyajibu kwa kadiri ninavyoamini. Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji ajue anabishana na nani: watu wengi wanahesabu miaka ya Foreman, wanasahau kutazama jinsi kila mmoja wao alivyopigana.

Je, pambano hili liliwahi kukaribia kweli, au ni ndoto za mashabiki?

Lilikaribia. Juni 16, 1990, pale Caesars Palace, Las Vegas, wote wawili walipanda ulingo uleule usiku uleule, kila mmoja na mpinzani wake. Tyson alimmaliza Henry Tillman katika raundi ya kwanza. Foreman akamlaza Mbrazili Adilson Rodrigues katika raundi ya pili. Promota hawaweki majina mawili makubwa namna ile kwenye usiku mmoja bila kuwaza kuwakutanisha.

Foreman alikuwa na miaka 41. Tyson alikuwa na 23, zimebaki wiki mbili atimize 24. Miezi minne nyuma, Februari 11, Tyson alikuwa amepigwa KO na Buster Douglas mjini Tokyo na kupoteza mikanda yote. Mzee naye, Januari 15 ya mwaka huohuo, alikuwa amemwangusha Gerry Cooney raundi ya pili kule Atlantic City, na watu waliokuwa wakimcheka kwa kitambi chake wakaanza kunyamaza. Kijana anatafuta kurudi juu, mkongwe anapanda. Wakati mzuri kuliko huo haukutokea tena.

Kwa nini basi halikufanyika?

Kwa sababu ya mikanda. Oktoba 1990 Evander Holyfield alimpiga Douglas KO raundi ya tatu na kuwa bingwa wa dunia, na Foreman akapewa nafasi ya kuwania ubingwa huo Aprili 19, 1991. Mtu wa miaka 42 akiitwa kugombea ubingwa wa dunia, haendi kwanza kwa Tyson ambaye wakati huo hana hata mkanda mmoja. Tyson akafuata njia yake, akapigana mara mbili na Razor Ruddock mwaka 1991. Februari 1992 mahakama ya Indianapolis ikamtia hatiani kwa ubakaji, akakaa gerezani hadi Machi 1995.

Dirisha la pili lilifunguka na kufungwa harakaharaka. Novemba 5, 1994, Foreman akiwa na miaka 45 alimpiga Michael Moorer KO raundi ya 10 na kutwaa mikanda ya WBA na IBF, mashirikisho mawili yanayotoa ubingwa wa dunia. Lakini WBA walimvua wa kwao mapema 1995 kwa kukataa kupigana na Tony Tucker, na wa IBF aliuachia mwaka huohuo badala ya kurudiana na Mjerumani Axel Schulz. Tyson alipotoka alikwenda kuuchukua mkanda wa WBC, shirikisho jingine, kwa Frank Bruno, Machi 1996. Kwa Tyson, Foreman alikuwa hatari kubwa isiyo na mkanda.

Ni kweli Tyson alimwogopa Foreman?

Hili ndilo swali linaloleta kelele nyingi, na mimi silipendi. Bondia aliyepanda ulingoni na Ruddock mara mbili katika miezi mitatu si mwoga. Ila hofu ni kitu kimoja na hesabu ni kitu kingine. Yeyote aliyekuwa kambini kwa Tyson alikuwa anajua kilichompata Joe Frazier mwaka 1973, alipoangushwa na Foreman mara sita, na Tyson kimaumbile alikuwa Frazier mtupu: mfupi, anakuja mbele, anainama na kuibuka na ngumi ya kushoto ya pembeni. Ukiwa mshauri wake, unampeleka huko bila ubingwa mezani kwa sababu gani?

Huyu Foreman si ndiye aliyepigwa na Ali Kinshasa? Angemwezaje Tyson?

Ndiye. Kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki na Kongo, Foreman anaanzia na kuishia pale, alfajiri ya Oktoba 30, 1974, anaanguka raundi ya nane huku uwanja mzima ukimshangilia Ali. Nasikitika kwamba wengi tumemkumbuka kwa usiku mmoja tu, tena ule mbaya kuliko yote. Miezi 21 kabla ya hapo, Januari 22, 1973, mjini Kingston, Jamaika, alikuwa amemwangusha Frazier mara sita katika raundi mbili. Frazier huyo hakuwa amewahi kushindwa. Ken Norton, aliyemvunja Ali taya, alidumu raundi mbili tu naye kule Caracas.

Ali alishinda Kinshasa kwa kuegemea kamba, kumwacha Foreman arushe makonde mpaka akaisha pumzi, huku akimlenga usoni kwa ngumi zilizonyooka. Sasa jiulize: Tyson angeweza kufanya lolote kati ya hayo? Tyson hakuwahi kuegemea kamba kwa kupenda. Hakuwa na urefu wa Ali, wala mikono ya kumfikia Foreman akiwa mbali, wala subira ya kungoja raundi ya nane. Kinshasa inatufundisha jinsi ya kumpiga Foreman, na somo lenyewe lilikuwa gumu kwa Tyson kuliko kwa bondia yeyote mkubwa wa wakati wake.

Ni haki kumwita Tyson bondia wa vurumai?

Inategemea Tyson yupi. Yule aliyelelewa na kocha Cus D'Amato kule Catskill, New York, na kumpiga Trevor Berbick Novemba 1986, akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 20, hakuwa wa vurumai hata kidogo. Mikono juu mashavuni, kichwa hakitulii, ngumi zinatoka tatu tatu, na kabla hujajua zimetoka wapi ameshahamia upande wa pili. Aliyemmaliza Michael Spinks kwa sekunde 91 mwaka 1988 alikuwa fundi.

Mwishoni mwa 1988 alimfukuza kocha wake Kevin Rooney, mtu wa mwisho aliyekuwa anamkumbusha mafunzo ya D'Amato. Baada ya hapo kitu kikapungua kidogokidogo. Kichwa kikatulia. Zile ngumi tatu zikawa moja, kubwa, ya kutafuta KO. Tazama pambano la Tokyo na lile la kwanza na Ruddock: anakuja moja kwa moja, anapokea ngumi ya mbele usoni, anapiga moja, anakumbatia. Tyson wa 1990 alikuwa bado mkali sana, lakini alikuwa amegeuka mtu wa kurushiana makonde. Na huyo ndiye ambaye angekutana na Foreman, si yule wa video fupi ambazo vijana hutumiana.

Tuache majina. Kimtindo, nani alikuwa na faida?

Foreman, na hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo.

Tyson alikuwa na urefu wa takribani sentimita 178 na Foreman 192. Upana wa mikono, Tyson takribani 180, Foreman karibu 200. Tofauti hiyo peke yake haimalizi kitu, maana Tyson alikuwa amepiga watu warefu maisha yake yote. Jambo la muhimu ni kile Foreman alichokifanya kwa mtu mfupi anayeingia ndani. Hakurudi nyuma. Aliweka viganja mabegani kwa mpinzani na kumsukuma mpaka apate nafasi ya ngumi yake, kisha akapiga apakati kutoka chini, mahali hasa ambapo kichwa cha mtu anayeinama kinapatikana. Kingston ilikuwa hivyo tangu mwanzo hadi mwisho. Frazier aliinama akakuta ngumi inamngoja.

Aliporudi uzeeni hakuwa tena na miguu ya kumfukuza mtu, lakini tabia hiyo alibaki nayo, na akaongeza ulinzi wa kukunja mikono mbele ya uso kwa mtindo wa Archie Moore, mkongwe aliyekuwa kambini kwake tangu enzi za Kinshasa. Machi 1988 alipigana na Dwight Muhammad Qawi, mfupi kuliko Tyson, mjanja wa kuinama, bingwa wa zamani katika uzito ulio chini ya uzito wa juu. Qawi alimfikia vizuri mwanzoni. Kufika raundi ya saba alikuwa amechoka kusukumwa na kupigwa, akaacha. Mwaka uliofuata Bert Cooper, aliyewahi kufunzwa na Frazier na kupigana kama yeye, hakuendelea baada ya raundi mbili. Sisemi Qawi na Cooper ni Tyson. Ninachosema ni kwamba mlango ambao Tyson angelazimika kupitia ni uleule, na Foreman alikuwa amesimama hapo akiwa na funguo.

Upande wa pili wa mzani upo. Mikono ya Tyson ilikuwa na kasi ambayo Foreman mzee hakuwahi kukutana nayo tangu arudi. Ngumi za Foreman zilikuwa zinaonekana zikija, na Tyson, hata yule aliyepungua, angekwepa nyingi. Wapinzani wengi wa Foreman kati ya 1987 na 1989 walikuwa watu wa kawaida sana, wengine dhaifu waziwazi. Mwenye kuuliza kama rekodi ile ilikuwa inamdanganya Foreman mwenyewe ana hoja.

Tukiangalia wapinzani waliopigana nao wote wawili, tunaona nini?

Tunaona mambo yanayopingana, na kila upande wa mabishano huchagua linaloufaa. Alex Stewart alidumu raundi moja na Tyson Desemba 1990. Aprili 1992 alimaliza raundi 10 na Foreman, na ingawa Foreman alipewa ushindi, uso wake ulikuwa umevimba vibaya. Lou Savarese naye alifika mwisho na Foreman mwaka 1997, lakini Tyson alimmaliza kwa sekunde 38 mjini Glasgow mwaka 2000. Kwa hao, Tyson anaonekana bora mbali sana.

Halafu anakuja Holyfield. Foreman mwenye miaka 42, kilo zake karibu 117 dhidi ya 94 za bingwa, alisimama naye raundi zote 12. Alishindwa kwa pointi, hakuanguka, na kuna nyakati alimtikisa bingwa mbele ya dunia nzima. Tyson mwenye miaka 30 alisimamishwa na Holyfield raundi ya 11 Novemba 1996, na waliporudiana Juni 1997 akang'ata sikio na kuondolewa.

Kwangu mimi ushahidi wa Holyfield una uzito kuliko ule wa Stewart na Savarese, kwa sababu hao wawili walikuwa watu wa kukaa mbele ya Tyson wakapigwa. Holyfield alikataa kurudi nyuma, akamsukuma, akamwonyesha kwamba haogopi. Foreman asingefanya tofauti.

Kwa umri ule na uzito ule, Foreman asingeishiwa pumzi?

Watu wanashangaa nikijibu hapana. Foreman kijana ndiye aliyekuwa anaishiwa pumzi. Kinshasa ilimwisha, na Machi 1977 mjini San Juan, kwenye joto, Jimmy Young alimchosha, akamwangusha raundi ya 12 na kumshinda kwa pointi. Usiku ule, chumbani kwa kubadilishia nguo, Foreman alisema amekutana na Mungu. Akaacha ngumi miaka 10, akawa mhubiri Houston, akafungua kituo cha vijana. Fedha za kituo zilipokauka ndipo aliporudi ulingoni, Machi 9, 1987, Sacramento, akiwa na kilo zaidi ya 120.

Aliyerudi alikuwa mtu mwingine. Hakuwa na hasira. Alisimama kati ya raundi badala ya kukaa kwenye kiti. Hakurusha makonde ovyo. Alitembea polepole, ngumi ya mbele, ngumi ya mbele, kisha ile ya kulia. Moorer alikuwa anaongoza kwa majaji wote watatu walipofika raundi ya 10, na mzee hakuharakisha hata kidogo mpaka alipompata. Kwenye kona yake usiku ule alikaa Angelo Dundee, yuleyule aliyekuwa kona ya Ali Kinshasa, na bukta aliyovaa Foreman ilikuwa ile nyekundu ya Kinshasa.

Mwenye tatizo la pumzi angekuwa Tyson. Ushindi wake mwingi ulikuja mapema. Alipopelekwa mbali na mtu asiyetishika, makali yalipungua raundi kwa raundi.

Lakini je, ilikuwa sawa kumruhusu mtu wa miaka 41 akapigwe na Tyson?

Hili ndilo swali zito kuliko yote hapa, nalo halina jibu la ushabiki. Oktoba 2, 1980, Muhammad Ali mwenye miaka 38 alipandishwa ulingoni Las Vegas na Larry Holmes. Alikuwa amepunguza uzito, anaonekana kijana, na watu wakajidanganya kwa sura. Kona yake ililisimamisha pambano baada ya raundi 10 za kipigo ambacho mpaka leo siwezi kukitazama hadi mwisho. Kila anayetaka pambano la mkongwe na kijana mkali angelitazama lile kwanza.

Tofauti ninayoiona ni hii. Ali aliishi kwa miguu na wepesi, na hivyo ndivyo vinavyoondoka mapema mtu anapozeeka. Foreman aliishi kwa nguvu ya ngumi na kidevu kigumu, na nguvu ya ngumi hubaki muda mrefu. Alikuwa pia amekaa miaka 10 bila kupigwa kichwani, jambo ambalo mabondia wachache wa umri wake wangeweza kusema. Holyfield na Tommy Morrison walimpiga raundi 12 kila mmoja bila kumwangusha. Kwa hiyo kwa Foreman, kwa 1990, ningesema ndiyo, ila baada ya vipimo vya kichwa, macho na moyo, na mwamuzi asiyeogopa jina. Kwa wakongwe wengi wengine ningesema hapana bila kusita.

Haya, nani angeshinda?

Juni au Septemba 1990: Foreman, kwa KO, kati ya raundi ya nne na ya saba. Raundi mbili za kwanza zingekuwa za Tyson na zingetisha, na kama Foreman angeanguka maishani mwake uzeeni, ingekuwa hapo. Lakini Tyson bila kichwa kinachocheza, anaingia moja kwa moja kwenye mikono ile, angeipata apakati ambayo Douglas alimpiga nayo Tokyo, safari hii kutoka kwa mtu mwenye ngumi nzito mara mbili.

Foreman huyohuyo wa 1990 na Tyson wa 1988, mwenye Rooney kwenye kona: Tyson, kwa pointi. Angeingia na kutoka, angepiga tumbo, asingekaa mahali.

Mwaka 1996 nisingelipenda lipigwe. Foreman alikuwa amekwenda 47, na pambano la Schulz lilionyesha kwamba hata watu wa kawaida sasa walikuwa wanamsumbua.

Na Foreman wa 1973 na Tyson wa 1988?

Foreman. Kingston imejibu.

Pambano la Tyson na Jake Paul halithibitishi kwamba mkongwe hawezi?

Halithibitishi chochote kuhusu Foreman. Novemba 15, 2024, kule Arlington, Texas, Tyson alikuwa na miaka 58, na pambano lilikuwa limeahirishwa kutoka Julai kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Raundi nane za dakika mbili mbili, glavu kubwa, na bado alifikisha ngumi 18 tu pambano zima. Miaka 58 si 41, na bondia aliyejengwa kwa kasi na mlipuko akizeeka hubakiwa na kidogo sana cha kupigania. Iliniuma kumwona vile. Hata waliomshabikia Foreman maisha yao yote hawakulifurahia lile.

Nitazame mapambano gani kabla sijabishana?

Anza na Foreman na Frazier wa Kingston, halafu Tyson na Spinks, ili uwaone wote wakiwa bora. Kisha Tyson na Douglas yote, usiruke raundi za katikati, maana ndizo zinazoonyesha ngumi ya mbele ilivyomvuruga Tyson muda mrefu kabla ya ile KO. Baada ya hapo Foreman na Qawi, ambalo wachache wanalijua. Malizia na Foreman na Holyfield wa 1991. Raundi ya saba irudie mara mbili, kisha niambie kama unaona Tyson wa mwaka ule akitoka salama humo.